Kinachohesabiwa: Namna Serikali Zinavyowabana Watengenezaji Waunde Magari ya Mafuta Mbadala

Kuanzia matoleo ya mwaka 2006, kampuni ya General Motors iliweka kifuniko cha rangi ya manjano kwenye mdomo wa tangi la mafuta la baadhi ya magari yake yaliyouzwa Marekani. Rangi hiyo ilibeba ujumbe kwa dereva: gari hili linakubali petroli, linakubali E85, yaani mchanganyiko wenye ethanoli hadi asilimia 85, na linakubali pia mchanganyiko wowote wa hizo mbili. Wakati huo mamilioni ya magari ya namna hiyo yalikuwa tayari barabarani, na mengi hayakuwahi kutiwa E85 hata mara moja. Wapo wenye magari ambao hawakujua kabisa kwamba magari yao yana uwezo huo, na ndiyo maana kifuniko kilihitaji rangi ya kuwashtua. Hata hivyo, kwenye vitabu vya serikali kila moja ya magari hayo lilihesabiwa kama gari linaloendeshwa kwa mafuta mbadala nusu ya muda wake.

Agizo la serikali kwa watengenezaji wa magari huweza kuchukua sura tatu, na sura hizo hufanana kwa jina tu. Ipo amri ya uwezo, inayotaka gari liundwe kwa namna ambayo linaweza kutumia mafuta mengine, iwe litayatumia au la. Ipo amri ya mauzo, inayotaka sehemu fulani ya magari yanayouzwa kila mwaka iwe ya aina fulani. Na ipo amri ya matokeo, ambayo hutaja kiwango cha hewa chafu au cha mafuta yanayotumika, kisha humwachia mtengenezaji atafute mwenyewe njia ya kukifikia. Vyombo vya habari huziita zote tatu sharti la magari safi, na msomaji hubaki akidhani ni kitu kimoja. Ninavyoona mimi, hata asilimia zinazotangazwa kwa vishindo si kiini cha sheria yoyote kati ya hizi. Kiini ni kanuni ya kuhesabu, ambayo kwa kawaida hufichwa ndani ya kiambatisho ambacho hakuna anayekisoma.

Kwanza tuone kwa nini serikali huamua kulazimisha badala ya kushawishi. Gari la mafuta mbadala hutegemea pande tatu ambazo hakuna hata moja iliyo tayari kutangulia. Mtengenezaji hataki kuwekeza kwenye injini ya gesi asilia au betri kubwa wakati vituo vya kujazia hakuna. Mwenye kituo hataki kuchimbia tangi jipya au kusimika mtambo wa kuchajia wakati magari ya kuhudumia hayapo. Mnunuzi naye hanunui gari ambalo hajui atalijazia wapi, wala atalipata bei gani siku akitaka kuliuza. Serikali inayotaka kuuvunja mzunguko huo hutafuta upande wenye watu wachache na rasilimali nyingi, na upande huo ni watengenezaji. Ni rahisi zaidi kuzibana kampuni kumi au ishirini kuliko kubadilisha mazoea ya mamilioni ya madereva.

Marekani ilianza kwa kutoa upendeleo. Sheria ya mwaka 1975, iliyotungwa baada ya vikwazo vya mafuta vya mwaka 1973, iliweka viwango vya wastani wa matumizi ya mafuta vinavyojulikana kwa kifupi kama CAFE: magari yote ambayo kampuni inauza kwa mwaka yafikie wastani fulani wa maili kwa kila galoni, na ikishindwa ilipe faini. Mwaka 1988 Bunge la nchi hiyo likapitisha Sheria ya Mafuta Mbadala ya Magari, ambayo ilimwahidi mtengenezaji nyongeza kwenye wastani wake iwapo angeunda magari yanayokubali mafuta mengine. Nyongeza hiyo ilianza kutumika kwa matoleo ya mwaka 1993, na hesabu yake inastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa maana ndiyo inayoonyesha jinsi nia njema inavyoweza kupotea katikati ya karatasi.

Chukua gari linalokwenda maili 20 kwa galoni moja ya petroli. Likitiwa E85 litakwenda, tuseme, maili 15, kwa sababu ethanoli ina nishati kidogo kuliko petroli kwa ujazo uleule. Sheria ilisema kwamba galoni moja ya mafuta mbadala ihesabiwe kama sehemu ya 0.15 tu ya galoni, kwa hiyo maili 15 ziligawanywa kwa 0.15 zikawa maili 100. Kisha sheria ikachukulia kwamba dereva atatumia petroli nusu ya muda na E85 nusu nyingine, ikatafuta wastani wa mafuta yanayotumika kwa kila maili, na jibu likawa zaidi kidogo ya maili 33 kwa galoni. Gari la maili 20 likaandikwa kuwa la maili 33. Kulibadilisha kulihitaji mipira na mabomba yasiyoliwa na ethanoli, vipulizio vyenye uwezo mkubwa zaidi wa kupitisha mafuta, na programu ya kutambua ni mchanganyiko gani uliomo tangini. Hayo yote yaligharimu kidogo sana yakilinganishwa na gharama ya kubuni injini inayokula mafuta kidogo kweli.

Bunge liliona hatari hiyo na likaweka ukomo: nyongeza isizidi maili 1.2 kwa galoni kwenye wastani wa magari yote ya kampuni. Lakini hata maili 1.2 zilitosha kuziruhusu kampuni kuuza magari makubwa yenye kiu zaidi bila kulipa faini. Kwa kuwa E85 ilipatikana katika vituo vichache tu, na dhana ya nusu kwa nusu haikuwa na uhusiano wowote na kilichokuwa kikiendelea kwenye pampu, sheria iliyokusudiwa kupunguza matumizi ya petroli iliyaongeza. Kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo, katika ripoti yake ya mwaka 2002 kuhusu CAFE, ilipendekeza upendeleo huo uondolewe. Bunge halikuuondoa papo hapo, ila sheria ya nishati ya mwaka 2007 iliupunguza kidogo kidogo hadi ukaisha kwa matoleo ya mwaka 2020. Kwa hiyo ulidumu zaidi ya robo karne.

Sheria ya Sera ya Nishati ya mwaka 1992 ilijaribu mlango mwingine. Iliwabana wanunuzi wakubwa badala ya watengenezaji, hasa serikali yenyewe: kuanzia mwaka 1999, asilimia 75 ya magari mepesi yanayonunuliwa na idara za serikali kuu kwa ajili ya misafara ya mijini yalitakiwa kuwa ya mafuta mbadala. Orodha ya mafuta yaliyokubaliwa ilikuwa ndefu, ikiwemo methanoli, ethanoli, gesi asilia, gesi ya kupikia, haidrojeni, dizeli ya mimea na umeme. Idara zilitii kwa kununua magari yaleyale yanayokubali mafuta mawili, kisha zikayatia petroli. Ilibidi sheria nyingine ije mwaka 2005 kuagiza kwamba magari hayo yatiwe mafuta mbadala kweli, isipokuwa pale ambapo hayapatikani au bei yake imezidi kiasi.

Hata baada ya uzoefu huo, wapo waliotaka amri kamili ya uwezo. Muswada uliopewa jina la Kiwango cha Mafuta Huria ulirudishwa bungeni zaidi ya mara moja, na toleo la mwaka 2011 lilitaka nusu ya magari mapya ya mwaka 2014, kisha asilimia kubwa zaidi katika miaka iliyofuata, yaweze kutumia kitu kingine zaidi ya petroli. Haukupita. Hoja ya watetezi wake haikuwa ya kipuuzi: gari hudumu barabarani zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo uwezo unaowekwa leo ni akiba ya siku ambayo bei ya mafuta itapanda ghafla. Walichokosa ni jibu la swali la pampu.

Jibu hilo lilikuwepo Brazili. Nchi hiyo ilianzisha mpango wa Proálcool mwaka 1975, ikasukuma ethanoli ya miwa hadi kwenye vituo vya mafuta nchini kote, na katikati ya miaka ya 1980 magari mengi mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya ethanoli tupu. Mwishoni mwa muongo huo ethanoli ikaadimika, wenye magari wakabaki na vyombo visivyokubali kitu kingine, na imani yao ikavunjika kwa miaka mingi. Jeraha hilo ndilo lililoandaa soko la gari linalokubali vyote viwili. Volkswagen ilipotoa Gol ya aina hiyo mwaka 2003, hakukuwa na sheria iliyomlazimisha mtengenezaji yeyote kuliunda. Kulikuwa na kodi nafuu, na muhimu zaidi, kulikuwa na ethanoli karibu kila kituo. Ndani ya miaka michache magari hayo yakawa sehemu kubwa ya mauzo ya magari mapya. Dereva wa Brazili hufanya hesabu akiwa kituoni: bei ya ethanoli ikiwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli, anajaza ethanoli. Gari ni lile lile lililovikwa kifuniko cha manjano Marekani. Tofauti ni kwamba Brazili iliibana sekta ya mafuta kwanza.

Amri ya mauzo ina historia nyingine, na chimbuko lake ni California. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inazizuia majimbo kujiwekea viwango vya moshi wa magari mapya, lakini inaipa California nafasi ya pekee ya kuomba kibali cha serikali kuu, kwa sababu jimbo hilo lilikuwa limeanza kudhibiti moshi kabla ya taifa. Majimbo mengine hayawezi kujitungia viwango, ila yanaweza kunakili vya California. Kwa njia hiyo bodi ya jimbo moja hufikia sehemu kubwa ya soko la nchi nzima, jambo ambalo watengenezaji wengi hawakulipenda.

Mwezi Januari 1990 General Motors ilionyesha gari la majaribio la umeme lililoitwa Impact. Mwezi Septemba mwaka huohuo Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California ilipitisha sharti kwamba kampuni saba zenye mauzo makubwa zaidi jimboni ziuze magari yasiyotoa moshi kabisa: asilimia 2 ya mauzo ifikapo mwaka 1998, asilimia 5 ifikapo 2001 na asilimia 10 ifikapo 2003. Onyesho lililokusudiwa kuwavutia watu liligeuka kuwa ushahidi kwamba jambo lenyewe linawezekana.

Halikuwezekana kwa kasi hiyo. Betri za risasi na asidi za wakati ule zilikuwa nzito na zilibeba umeme kidogo, na mwaka 1996 bodi iliondoa malengo yote yaliyotangulia mwaka 2003. General Motors iliunda magari 1,117 ya EV1, gari la umeme lililotokana na Impact, ikayakodisha bila kuyauza, kisha ikayakusanya na kuyaponda karibu yote. Kampuni zilikwenda mahakamani, na mwaka 2002 jaji akasimamisha utekelezaji. Sharti lililorudi mwaka 2003 lilikuwa limebadilika sura: lilitoa sehemu ya alama, yaani pointi za kutimiza sharti, kwa magari ya haibridi (yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme), na hata kwa magari ya petroli yenye moshi mchache mno, ambayo kila moja lilipata 0.2 ya alama. Watu wengi huuita uamuzi huo kushindwa kwa bodi. Mimi nauona kwa namna mbili. Magari ya umeme hayakuja, hilo ni kweli. Lakini usafi wa moshi wa magari ya kawaida ulipiga hatua kubwa, kwa sababu ndicho kilichoanza kuhesabiwa.

Sharti liliporudi kuwa kali baada ya mwaka 2010, kampuni kadhaa zilijibu kwa kuunda magari ya kutimiza sheria tu, yanayouzwa kwa idadi ndogo California na katika majimbo machache yaliyoifuata. Mwaka 2014 Sergio Marchionne, aliyekuwa akiongoza Fiat Chrysler, aliwaambia watu hadharani kwamba anatumaini hawatanunua Fiat 500e yake ya umeme, kwa sababu kila moja inayouzwa inamtia hasara ya dola 14,000. Kauli hiyo ilichekwa sana, lakini ukiitafakari ni maelezo sahihi ya jinsi amri ya mauzo inavyofanya kazi: hasara hiyo ndiyo ada ambayo kampuni hulipa ili iendelee kuuza magari yake yenye faida. Swali la mtunga sheria ni kama ada hiyo itazaa ujuzi au itaishia kuwa ada tu.

Hapo ndipo biashara ya alama inapoingia. Mtengenezaji anayezidisha lengo hupata alama za ziada, na anayepungukiwa anaweza kuzinunua badala ya kulipa faini. Tesla, ambayo haiundi gari lolote la petroli, ilikuwa na alama tele na haikuwa na haja nazo. Mwaka 2020 mapato yake kutokana na uuzaji wa alama yalifikia dola bilioni 1.58, zaidi ya faida yote ya mwaka huo. Mwaka 2024 yalifikia dola bilioni 2.76. Yaani wapinzani wake walikuwa wakimlipa mshindani wao fedha za kujijenga. Kwa mtazamo wa sheria hilo si kasoro, kwani ndilo lililokusudiwa: fedha zitoke kwa anayechelewa ziende kwa anayetangulia.

Lakini alama moja si gari moja, na hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. China, ambayo kanuni yake ya alama ilianza kutumika Aprili 2018, iliweka lengo la asilimia 10 kwa mwaka 2019 na asilimia 12 kwa mwaka 2020. Msomaji wa haraka angedhani kwamba gari moja kati ya kila kumi lilipaswa kuwa la umeme. Sivyo. Gari la umeme lilipata alama kulingana na umbali linaokwenda kwa chaji moja: umbali huo kwa kilomita uzidishwe kwa 0.012, kisha iongezwe 0.8, na jumla isizidi 5. Gari la kilomita 300 lilipata alama 4.4. Kampuni inayouza magari milioni moja ya mafuta ya kawaida ilihitaji alama 100,000, ambazo zingepatikana kwa magari ya umeme yasiyofika 23,000, yaani takribani asilimia 2.3 ya idadi hiyo. Kuanzia mwaka 2021 kanuni ilikazwa, na gari lilelile la kilomita 300 likashuka hadi alama 2.08. Lengo lililotangazwa lilipanda kutoka asilimia 12 hadi 14 tu, lakini thamani ya kila gari ilikatwa zaidi ya nusu, kwa hiyo sharti lenyewe lilizidi uzito maradufu bila kelele yoyote. California nayo ilikuwa na lengo la alama la asilimia 22 kwa mwaka 2025, ambalo bodi yenyewe ilikadiria kuwa sawa na takribani asilimia 8 ya mauzo. Kanuni mpya za jimbo hilo, zilizopitishwa Agosti 2022, ziliacha mtindo huo na kuhesabu gari moja kuwa thamani moja: asilimia 35 kwa matoleo ya 2026, asilimia 68 kwa 2030 na asilimia 100 kwa 2035.

Uingereza ilifuata njia hiyo ya wazi zaidi. Tangu Januari 2024 kila mtengenezaji anatakiwa sehemu fulani ya magari anayouza isitoe moshi kabisa, kuanzia asilimia 22 mwaka 2024 hadi asilimia 80 mwaka 2030, kwa faini iliyokuwa pauni 15,000 kwa kila gari linalopungua, ambayo Aprili 2025 serikali ilitangaza kuishusha hadi pauni 12,000. Mwaka 2024 magari ya umeme yalikuwa asilimia 19.6 ya mauzo ya magari mapya nchini humo, pungufu ya lengo. Pengo hilo lilizibwa na unafuu ulioandikwa ndani ya sheria, unaomruhusu mtengenezaji aliyepunguza moshi wa magari yake ya petroli kujihesabia punguzo hilo.

Umoja wa Ulaya ulichagua amri ya matokeo: gramu za kaboni dioksidi kwa kila kilomita, na faini ya euro 95 kwa kila gramu inayozidi, ikizidishwa kwa kila gari lililouzwa. Kwa maandishi, sheria hiyo haimlazimishi mtu kuunda gari la aina yoyote. Kwa vitendo, kadiri gramu zinavyokaribia sifuri ndivyo njia zinavyopungua, kwa sababu kipimo huchukuliwa kwenye bomba la moshi. Gari la umeme linahesabiwa kuwa sifuri hata kama umeme wake umetokana na makaa ya mawe. Gari linalochoma mafuta yaliyotengenezwa kwa umeme safi linahesabiwa kuwa chafu hata kama kaboni yake ilichukuliwa kutoka hewani kwanza. Ujerumani ilipozuia, mnamo Machi 2023, kura ya mwisho kuhusu lengo la magari mapya kutotoa kaboni dioksidi kabisa kuanzia mwaka 2035, ilikuwa ikigombea jambo hilohilo.

Ulaya imekutana pia na kivuli cha kifuniko cha manjano. Magari ya haibridi ya kuchaji kwenye plagi yalipimwa kwa dhana kwamba dereva atachaji mara kwa mara na kuendesha kwa umeme sehemu kubwa ya safari zake. Mwaka 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitoa takwimu zilizosomwa kutoka kwenye vifaa vilivyofungwa ndani ya magari yenyewe, zikaonyesha kwamba moshi halisi wa magari hayo ulikuwa takribani mara tatu na nusu ya ule ulioandikwa kwenye vyeti. Dhana ya matumizi imerekebishwa kwa magari ya aina mpya kuanzia mwaka 2025. Tofauti na miaka ya 1990 ni kwamba safari hii gari lenyewe hutoa ushahidi, na naliona hilo kuwa hatua kubwa kuliko asilimia yoyote iliyotangazwa, maana sheria inaweza sasa kupima kinachochomwa badala ya kukisia.

Mwaka 2025 upepo uligeuka. Mwezi Juni Rais wa Marekani alitia saini maazimio ya Bunge yaliyofuta kibali cha California cha kanuni za 2035, na jimbo hilo pamoja na mengine yakafungua kesi siku hiyohiyo. Mwezi Julai sheria mpya ilishusha faini ya CAFE hadi sifuri, hivyo kiwango kikabaki kwenye vitabu bila meno. Mwezi Septemba Kanada iliahirisha lengo lake la asilimia 20 ya mauzo kuwa magari yasiyotoa moshi kwa matoleo ya 2026. Mwezi Desemba Kamisheni ya Ulaya ikapendekeza kwamba punguzo la kaboni dioksidi la mwaka 2035 liwe asilimia 90 badala ya 100, na asilimia 10 iliyobaki ifidiwe kwa chuma cha kaboni kidogo kilichotengenezwa Ulaya, au kwa mafuta ya mimea na yale yanayotengenezwa kwa umeme. Namba ya 90 ndiyo iliyotangazwa kila mahali. Neno lenye uzito zaidi ni chuma: kitu ambacho hakipiti tangini, betrini wala kwenye bomba la moshi kingeingia katika hesabu ya moshi wa gari, na ni gramu ngapi kitahesabiwa ndilo jambo ambalo Bunge la Ulaya na serikali za nchi wanachama zinapaswa kulikubali.